Ukungu Ukutani, Uyoga Chunguni: Fahamu Mzio Unaounganisha Vitu Hivi Viwili



Mvua zinapoanza katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, iwe Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II au Kyangwali, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Ndani ya nyumba, kuta za udongo na turubai hushika unyevu, na baada ya siku chache madoa meusi au ya kijani huonekana pembeni mwa kitanda na nyuma ya magunia. Nje ya nyumba, uyoga huchomoza kwenye vichuguu na kando ya mashamba. Watoto huuleta nyumbani kwa furaha, maana ni kitoweo kisichonunuliwa.

Watu wengi huishi na vyote viwili bila shida yoyote. Lakini tuchukue mfano wa mama mmoja ambaye kila msimu wa mvua hupiga chafya usiku kucha, macho humwasha na kifua humbana. Siku moja anakula uyoga pamoja na familia yake. Dakika chache baadaye midomo inamwasha, ulimi unakuwa mzito na vipele vinamtoka shingoni. Watoto waliokula kutoka chungu kimoja naye wako salama. Jirani mmoja anasema mama amerogwa. Mwingine anasema uyoga ule ni wa sumu. Nani kasema kweli?

Huenda wote wawili wamekosea. Inawezekana kwamba chafya za usiku na vipele vya mchana vina chanzo kimoja. Makala haya yanaeleza jinsi mtu aliyezoea kuugua kwa sababu ya ukungu wa hewani anavyoweza kuugua pia kwa chakula cha jamii hiyo hiyo, namna ya kutofautisha hali hii na sumu, na nini cha kufanya ili kuokoa maisha.

Fangasi ni nini?

Tunaposema ukungu hapa, hatuzungumzii ule ukungu wa asubuhi unaofunika vilima. Tunazungumzia ule unaoota kwenye mkate wa zamani, kwenye mahindi yaliyoloa, kwenye viatu vilivyofungiwa na kwenye ukuta wenye maji. Ukungu huu ni wa jamii ya fangasi. Fangasi si mimea wala si wanyama; ni jamii inayojitegemea. Ndani yake wamo ndugu wengi ambao kwa macho hawafanani:

- ukungu wa ukutani na wa kwenye chakula;
- uyoga wa kula na uyoga wa sumu;
- hamira tunayotumia kuumua mkate na mandazi;
- fangasi wanaosababisha mba na mapunye kwenye ngozi.

Ukungu na uyoga havizai kwa mbegu kama mahindi au maharage. Huzaa kwa chembe ndogo sana ziitwazo spora, ambazo hupeperuka hewani. Spora za baadhi ya ukungu ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga zaidi ya ishirini kwenye mstari mmoja, hazizidi unene wa unywele mmoja. Kwa hiyo tunazivuta kila siku bila kuziona.

Aina za ukungu ambazo husababisha mzio mara nyingi zaidi ni nne: Alternaria, Cladosporium, Aspergillus na Penicillium. Mbili za kwanza hupenda majani makavu, nafaka na mabaki ya mazao, na spora zake huruka kwa wingi siku za jua na upepo, hasa watu wanapovuna na kupura. Mbili za mwisho hupatikana sana ndani ya nyumba zenye unyevu na kwenye ghala. Uyoga nao humwaga spora zake kwa wingi usiku na alfajiri wakati hewa ina unyevu. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuugua mvua zinaponyesha, akapata nafuu, kisha akaugua tena wakati wa mavuno.

Mzio ni nini?

Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni kosa la ulinzi wa mwili. Neno aleji lilibuniwa na daktari wa Austria, Clemens von Pirquet, mwaka 1906. Kwa kawaida mwili hupigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa mtu mwenye mzio, mwili hupigana pia na kitu kisicho na madhara kwa wengine, kama vile vumbi, karanga, samaki au spora za ukungu.

Hatua zake ni mbili. Kwanza, mwili hukutana na kitu hicho na kukiweka kwenye kumbukumbu kama adui. Unatengeneza askari maalumu waitwao kingamwili za IgE, ambazo wanasayansi walizitambua katika miaka ya 1960. Katika hatua hii mtu hahisi chochote. Pili, kitu kile kinaporudi, askari hawa hukishika, na mwili humwaga kemikali ziitwazo histamini na nyinginezo. Kemikali hizo ndizo zinazoleta chafya, macho kuwasha, vipele, uvimbe na kifua kubana.

Mzio hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye chumba kimoja.

Kwa nini ukungu wa hewani ulete mzio wa chakula?

Hebu fikiria mlinzi wa ghala aliyeambiwa amkamate mwizi mwenye koti jekundu. Mlinzi hajui sura ya mwizi. Anajua koti tu. Siku akipita mtu mwema mwenye koti jekundu, mlinzi atamkamata vilevile.

Kingamwili za IgE hufanya kazi hivyo. Hazitambui ukungu mzima, bali hutambua vipande vya protini vilivyo ndani yake. Kwa kuwa ukungu na uyoga ni ndugu, baadhi ya protini zao hufanana sana. Mtu ambaye kwa miaka mingi amevuta spora za ukungu na mwili wake ukajenga askari dhidi yake, anaweza kula uyoga na askari wale wale wakashambulia. Madaktari huita hali hii mzio mtambuka.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2002 madaktari wa Marekani walieleza habari za mgonjwa aliyekuwa akiwashwa mdomoni kila alipokula uyoga mbichi. Vipimo vilionyesha kwamba mwili wake ulitambua protini zinazofanana kati ya uyoga huo na aina kadhaa za ukungu wa hewani.

Mwaka 2003 watafiti wa Uswisi na Ujerumani walichapisha taarifa ya mgonjwa mwenye mzio wa ukungu aliyepata shambulio la ghafla baada ya kula chakula kiitwacho Quorn, ambacho hutengenezwa kwa fangasi. Walipochunguza damu yake waligundua kwamba protini iliyomdhuru, iitwayo P2, ni sehemu ya mtambo ambao seli hutumia kutengeneza protini nyingine. Mtambo huo unafanana katika fangasi wa aina nyingi.

Hapa kuna somo kubwa. Kwa mzio wa kawaida wa chakula, mtu huwa amewahi kukutana na chakula hicho kabla. Kwa mzio mtambuka, mtu anaweza kudhurika mara ya kwanza kabisa anapokila, kwa sababu maandalizi yalishafanyika kupitia pua na mapafu. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa, "Haiwezekani, hujawahi kula chakula hiki." Inawezekana.

Lakini pia usiogope kupita kiasi. Watu wengi wenye mzio wa ukungu hula uyoga maisha yao yote bila tatizo. Mzio wa uyoga wa kula si wa kawaida. Makala haya hayasemi mtu yeyote aache kitoweo chake bila sababu.

Ni vyakula gani vya kuangalia?

1. Uyoga wa aina zote za kula, wa porini na wa kupandwa. Uyoga mbichi una hatari zaidi kwa mwenye mzio, kwa sababu moto huharibu baadhi ya protini. Wapo wanaowashwa na uyoga mbichi na wasidhurike na uliopikwa vizuri. Lakini si protini zote zinazoharibika, kwa hiyo kupika si kinga kamili.

2. Uyoga uliokaushwa. Mtu anapoutikisa, kuupepeta au kuutwanga, vumbi lake huingia puani na kifuani. Mwenye pumu anaweza kubanwa hata kabla ya kuonja.

3. Vyakula vilivyochachushwa kwa ukungu, kama jibini yenye mistari ya buluu inayouzwa katika maduka makubwa ya mijini.

4. Hamira. Mandazi, mkate na pombe vina hamira au mabaki yake. Ingawa hamira ni ya jamii moja na ukungu, ni watu wachache sana wanaodhurika kwa kuila. Usiache mkate kwa sababu tu una mafua ya msimu.

5. Chakula chochote kilichoota ukungu. Hiki kisiliwe na mtu yeyote, mwenye mzio na asiye nao. Sababu tunaieleza hapa chini.

Tofautisha mzio na sumu

Hapa ndipo watu wengi hupoteza maisha, au humwaga chakula kizuri bure. Mtu akiugua baada ya kula uyoga au chakula chenye ukungu, jiulize maswali mawili: Dalili zilianza baada ya muda gani? Na ni wangapi wameugua?

Mzio huanza haraka, kwa kawaida katika dakika chache hadi saa mbili. Mara nyingi huugua mtu mmoja tu kati ya wote waliokula. Dalili zake ni kuwashwa, vipele, uvimbe wa midomo au macho, chafya, kifua kubana, kutapika.

Sumu ya uyoga inaweza kumpata kila aliyekula. Uyoga wa sumu kali zaidi hauonyeshi dalili mapema. Mara nyingi saa sita au zaidi hupita, hata kufikia siku nzima, ndipo mtu aanze kutapika na kuharisha sana. Kisha anaweza kupata nafuu ya siku moja au mbili na watu wakadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Kupika, kuchemsha na kumwaga maji, au kukausha hakuondoi sumu hii. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachoaminika: si kijiko cha fedha, si kitunguu, wala si kuangalia kama wadudu wameula. Uyoga ambao huufahamu kwa uhakika usiule. Kumbuka pia kwamba uyoga uliouzoea kijijini kwenu Kongo, Burundi au Rwanda unaweza kufanana na uyoga mwingine wa sumu hapa ulipo sasa.

Sumu ya ukungu wa nafaka ni jambo la tatu. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii na 125 kati yao walifariki. Huu haukuwa mzio, ilikuwa ni sumu, na kupika ugali hakuiondoi. Mahindi yaliyobadilika rangi, yenye harufu ya uvundo au yenye unga wa kijani yasisagwe wala yasipewe mifugo.

Ukiwa na shaka, usikae nyumbani ukibishana kama ni mzio au sumu. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya, na kama uyoga umebaki, upeleke pia ndani ya karatasi au kikapu ili mhudumu auone.

Dalili za mzio

Dalili za kawaida, zinazosumbua lakini si za kutisha:

- kupiga chafya, mafua ya maji, pua kuziba;
- macho mekundu yanayowasha;
- mdomo, ulimi na koo kuwasha baada ya kula;
- vipele vichache vinavyowasha.

Dalili za hatari, zinazohitaji msaada mara moja:

- kupumua kwa shida, kifua kupiga filimbi, kushindwa kumaliza sentensi;
- sauti kubadilika, koo kukaza, ulimi kuvimba, kushindwa kumeza mate;
- kizunguzungu, kuzimia, mwili kuwa wa baridi na jasho;
- vipele mwili mzima pamoja na kutapika mara kwa mara;
- mtoto kulegea ghafla au midomo kugeuka rangi.

Dalili hizi za hatari zinaweza kuua kwa muda mfupi. Usisubiri kuona kama zitaisha zenyewe.

Mwenye pumu awe mwangalifu zaidi ya wengine. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walichunguza vijana 11 wenye pumu waliopata mashambulio makali hadi kupumua kukakoma. Kumi kati yao walikuwa na mzio wa ukungu aina ya Alternaria. Ukungu si uchafu wa macho tu; kwa mwenye pumu unaweza kuwa suala la uhai.

Huduma ya kwanza

1. Mwache aache kula. Asukutue mdomo kwa maji safi na kutema. Usimtapishe kwa nguvu, na usimpe mafuta, maziwa au dawa ya mitishamba.

2. Mlaze chali na kuinua miguu yake kidogo. Kama anapumua kwa shida, mwache akae. Kama anatapika au amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Usimsimamishe ghafla wala kumtembeza.

3. Kama ana pumu na ana pampu yake ya salbutamoli, mpe aitumie. Lakini pampu peke yake haitoshi kama kuna uvimbe, vipele vya mwili mzima au kuzimia.

4. Mwite VHT wa kijiji chako, na mtafute usafiri mara moja. Boda boda ni sawa kama hakuna gari la wagonjwa, lakini mtu mwingine akae nyuma kumshika.

5. Kituoni sema wazi: "Alikula uyoga, dalili zilianza baada ya dakika kadhaa, na huwa ana pumu au mafua ya msimu." Maneno hayo humsaidia mhudumu kuamua haraka.

Dawa ya kwanza ya shambulio kali ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, inayochomwa na mhudumu wa afya. Vidonge vya mzio, kama setirizini au klorfeniramini, hupunguza kuwashwa na vipele. Havifungui njia ya hewa iliyoziba wala havipandishi presha iliyoshuka. Kwa hiyo usimeze kidonge ukalala ukidhani umepona. Hata baada ya kupata nafuu, kubali kubaki kituoni kwa saa utakazoambiwa, kwa sababu shambulio linaweza kurudi.

Kupunguza ukungu nyumbani

Hatuwezi kuondoa spora zote hewani, lakini tunaweza kupunguza zile tunazozifuga wenyewe. Ukungu hauwezi kuota pasipo unyevu.

- Chimba mfereji kuzunguka nyumba ili maji ya mvua yasiloweshe msingi wa ukuta.
- Ziba matundu ya turubai mapema. Acha nafasi ya hewa kati ya turubai na ukuta, na fungua dirisha na mlango kila asubuhi mvua inapokatika.
- Anika godoro, mkeka na blanketi juani kila jua linapotoka.
- Weka magunia ya nafaka juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta. Kausha mahindi na maharage kabisa kabla ya kuyahifadhi.
- Usianike nguo mbichi, uyoga wala kuni zenye maji ndani ya chumba cha kulala.
- Ukuta wenye madoa usugue kwa maji na sabuni, kisha uukaushe. Udongo uliooza ukwangue na kukandika upya wakati wa kiangazi. Kupaka rangi au chokaa juu ya ukungu bila kusafisha ni kuuficha tu.
- Anayesafisha au kupura nafaka afunge pua na mdomo kwa kitambaa safi. Mwenye pumu asifanye kazi hizi; kazi hiyo ipewe mtu mwingine wa nyumbani.

Kumbuka kwamba moshi wa kuni nao hubana kifua. Ukiondoa ukungu ukaacha moshi ujae ndani, nafuu itakuwa ndogo.

Kwa wanaolima uyoga

Kilimo cha uyoga kwenye mifuko ya mabaki ya mazao kinasaidia familia nyingi kupata kitoweo na fedha kidogo, na hatukikatazi. Lakini uyoga wa kupandwa ukikomaa sana humwaga spora nyingi mno. Vuna kabla kingo za kofia hazijakunjuka kabisa. Banda liwe na hewa, na lisiwe chumba cha kulala. Funika pua na mdomo unapovuna.

Mkulima anayepata kikohozi, homa na maumivu ya mwili saa nne hadi nane baada ya kufanya kazi bandani, kisha akapona siku za mapumziko, asidhani ni malaria kila mara. Apime malaria, na amweleze mhudumu kazi anayofanya. Mapafu yanaweza kuvimba kwa sababu ya spora, na hali hiyo ikiachwa muda mrefu huharibu mapafu moja kwa moja.

Kwa wanaosafiri kwenda nchi za mbali

Baadhi ya wasomaji wetu wanangoja kuhamishiwa Ulaya, Marekani au Kanada. Huko mtakutana na vyakula vinavyofanana na nyama ya kuku au ya kusaga, lakini si nyama. Kimojawapo ni Quorn, kinachotengenezwa kwa fangasi aitwaye Fusarium venenatum, ambaye asili yake ni udongo wa Marlow, Uingereza. Kiliruhusiwa kuuzwa Uingereza mwaka 1985 na kikaanza kuuzwa Marekani mwaka 2002. Watu wengi hukila bila tatizo. Lakini mwenye mzio mkali wa ukungu au wa uyoga asikijaribu kabla ya kuzungumza na daktari. Kwenye pakiti tafuta neno "mycoprotein". Kama Kiingereza kinakupa shida, lishike umbo la neno hilo au liandike kwenye karatasi na kutembea nalo.

Wakati wa uchunguzi wa afya kabla ya safari, taja mzio wako. Iandikwe kwenye faili lako.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Nina mzio wa ukungu na nimekula uyoga tangu utotoni bila shida. Niache?
Hapana. Endelea, ila uupike vizuri. Ukianza kuwashwa mdomoni, acha na umwone mhudumu.

Nikiwa na mzio wa ukungu wa Penicillium, dawa ya penisilini itanidhuru?
Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, ilitokana na ukungu. Lakini mzio wa spora na mzio wa dawa ni vitu viwili tofauti. Usikatae dawa uliyoandikiwa kwa sababu hii. Mwambie mhudumu kama umewahi kudhurika na dawa yenyewe.

Naweza kukata sehemu yenye ukungu kwenye mkate na kula iliyobaki?
Hapana. Nyuzi za ukungu hupenya ndani pasipoonekana. Na usiunuse, maana utavuta spora.

Naweza kujipima mwenyewe kwa kula kidogo kidogo?
Usifanye hivyo. Aliyewahi kupata dalili za hatari anaweza kufa kwa kipande kidogo.

Vituo vingi vidogo havina vipimo vya mzio. Nitajuaje?
Weka daftari. Andika tarehe, ulichokula, kama kilikuwa kibichi au kimepikwa, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, na kama siku hiyo ulikuwa shambani, ghalani au kwenye nyumba yenye unyevu. Baada ya miezi michache daftari hilo litamwambia daktari mengi, na litasaidia kuamua kama upelekwe hospitali kubwa.

Je, si uchawi?
Dalili zinazorudi kila msimu wa mvua, au kila unapokula kitu kile kile, zina chanzo kinachoweza kutafutwa na kutibiwa. Kumtuhumu jirani hakutafungua kifua kilichobana. Kunachelewesha tu safari ya kwenda kituoni.

Kumbuka

- Ukungu, uyoga na hamira ni jamii moja. Mwili wenye mzio wa kimoja unaweza kukosea na kushambulia kingine.
- Mzio huja haraka na mara nyingi kwa mtu mmoja. Sumu kali ya uyoga huchelewa na inaweza kumpata kila aliyekula.
- Usiache chakula bila sababu, na usijilazimishe kula kilichokudhuru.
- Kupumua kwa shida, ulimi kuvimba au kuzimia: kimbilia kituo cha afya sasa hivi.

Yule mama wa mfano wetu hakuwa na haja ya kumshuku jirani wala kumwaga chungu kizima. Alihitaji kufika kituoni mapema, kueleza habari za chafya zake za usiku, na kuacha uyoga mpaka ashauriwe. Watoto wake wangeweza kuendelea kula. Kama kuna mtu nyumbani kwako anayefanana naye, msomee makala haya. Kwa maelezo zaidi, mwone VHT wako au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe.